Waya wa Osmund

Sheria iliruhusu marehemu kuzungumza na jamaa zao kwa mwaka mmoja, kwa mtandao wa waya tu, ndani ya nyumba walimoishi. Tekla alizungumza na mumewe Osmund kila asubuhi, mpaka siku kompyuta yake mpakato ilipogoma kuunganika.

Alibadilisha waya, akazima ruta na kuiwasha tena. Taa ya kijani iliwaka, lakini Osmund hakusikika. Akamwita binti yao, Leokadia.

“Waya ni mzima, mama,” Leokadia alisema bila kumtazama. “Mimi ndiye niliyezima mtandao kwenye kompyuta.”

“Kwa nini?”

“Jana baba aliniuliza utamfuata lini. Nikamwambia bado sana. Akasema ulishamwahidi kumfuata wiki hii.”

Tekla hakukana. Alivuta kiti, akaketi, akamwomba binti yake auwashe mtandao.