Stendi ya Maboksi

Mhandisi Mwinshehe alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo: sauti juu, kifua mbele, tabasamu. Sasa alisimama ukumbini mbele ya watu wa mtaa; mezani palikuwa na mfano wa stendi mpya, aliouunda kwa maboksi, na mabasi madogo ya rangi.

"We mhandisi, nyumba yangu iko wapi hapo?" Bi Mwanaidi aliuliza, akisogea hadi mezani.

Akamwonyesha kwa fimbo. "Hapa, mama. Tutapanda maua."

Bi Mwanaidi akavua kandambili yenye tope, akaibwaga juu ya mfano, papo hapo. Mabasi yakapinduka.

"Haya, endelea kutueleza."

Mhandisi akainua fimbo, tabasamu limemkauka usoni. Watu walikuwa wameinama, wanavua viatu.