Kinasa Sauti Kisichofuta

"Hii pia hapana," Manasseh alisema, akairudisha mashine ya nne juu ya kaunta. "Iko laini kama sahani. Kidole changu kitajua aje mahali pa kubonyeza?"

Nishant, mwenye duka, alishusha pumzi. Familia yao iliuza vyombo vya muziki hapo Kisii mjini tangu enzi za babu yake, na hakuwahi kupata mteja msumbufu namna hii. Mtu haoni, sawa, si kosa lake. Lakini jamani, kila mashine aipapase mbele na nyuma kama mtu anayenunua mbuzi sokoni Nyamache!

"Mzee, hiyo ndiyo ya kisasa. Wasanii wote wanachukua hiyo. Unagusa tu kioo."

"Kioo ni cha wenye macho, kijana wangu."

Angekuwa mwingine, Nishant angemwambia aende zake. Lakini huyu alikuwa Manasseh. Kutoka Masimba mpaka Ikonge, ni harusi gani, ni harambee gani ambayo hakuimba? Leo alikuja na gitaa lake mgongoni, mkewe Nyanchoka akimshika mkono, na vidole vyake havikuacha kupapasapapasa kaunta.

"Basi njoo wiki ijayo," Nishant alisema. "Nitakuagizia nyingine Nairobi."

"Wiki ijayo!" Manasseh alipaza sauti mpaka watu wa nje wakachungulia. "Jumatatu ni upasuaji. Wanatoa kisanduku cha sauti kooni, chote. Daktari hakuzungukazunguka, alisema sauti haitarudi. Leo ni Ijumaa, na jua likizama mimi Msabato sinunui tena kitu. Halafu wewe unaniambia wiki ijayo?"

Nishant aliona aibu. Mwimbaji, na kisanduku cha sauti!

"Pole sana," alisema.

"Asante," alijibu Nyanchoka, kwa sauti iliyokwaruza kama ya mtu aliyelia njia nzima. Hilo ndilo neno la kwanza alilosema tangu waingie.

Sasa Nishant alianza kutafuta kwa moyo. Alileta kompyuta ya kurekodia, inayomsomea mtu kila kilichoandikwa kwenye skrini. Ikapayuka Kiingereza cha puani, mbio mbio, Manasseh ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Hii ni nzuri," alisema mwishowe. "Lakini mpaka niizoee ni mwezi. Huo mwezi niutoe wapi?"

"Na simu yako?"

"Yangu ya vitufe. Ikirekodi, mtu anatoka kama amefungiwa ndani ya debe." Alipiga kaunta kwa kiganja. "Nisaidie, kijana wangu. Nakuomba. Kitu cha kushika, kitu ambacho nitakiendesha peke yangu bila kumwita mtu."

Nishant alipiga magoti, akavuta boksi lenye vumbi kutoka rafu ya chini kabisa. Ndani mlikuwa na kinasa sauti cha zamani kidogo, saizi ya kipande cha sabuni, kisichokuwa na mnunuzi kwa sababu hakina kioo cha kugusa. Manasseh alikipokea. Vidole vikatulia kwa mara ya kwanza.

"Kitufe hiki cha mviringo?"

"Cha kurekodi. Kikianza kinalia pii, utasikia."

"Na cha kusikiliza?"

"Cha pembetatu, hapo chini yake."

Manasseh alikitafuta cha pembetatu, akakiacha, akakitafuta tena na tena. Cha kurekodi hata hakukirudia. Nishant alishangaa.

"Nikiwa kitandani, nina usingizi, nishike vibaya. Kitaifuta sauti?"

"Kuna kufuli hapa ubavuni. Ukilisukuma juu, hata ukikikalia hakifuti kitu."

"Apa."

"Naapa, mzee. Halafu nitakuwekea na mwangwi kidogo, sauti ing'ae kama ya redioni."

"Wee! Usiguse!" Manasseh alikikumbatia kifuani. "Sitaki ing'ae. Nataka itoke vile ilivyo, na kikohozi chake ndani."

Kisha akavua gitaa mgongoni, akalilaza juu ya kaunta taratibu.

"Sina kingine cha kukulipa. Chukua hili."

Nyanchoka alimvuta mkono wa koti. "Baba Bosire, gitaa hapana," alinong'ona. "Tafadhali, gitaa hapana."

"Lakini mzee," Nishant alisema, "sasa utarekodi ukipiga nini?"

"Nifungie mashine. Jua halinisubiri."

Nishant alimfungia, roho ikimuuma. Akawasindikiza mpaka mlangoni. "Ukifika nyumbani imba zote," alimwambia. "Usibakishe hata moja."

Manasseh alikitia kinasa sauti mfukoni, akaushika mkono wa mkewe.

Kesho yake, walipotoka kanisani, nyumba yao ya Ikonge ilinyamazishwa. Watoto walitumwa kwa shangazi yao. Redio ilizimwa, na hata jogoo alifungiwa jikoni. Manasseh aliketi mezani, akahakikisha mlango umefungwa, akapapasa kitufe cha mviringo. Jasho lilimtoka. Alivuta pumzi, akaomba kimoyomoyo, akabonyeza.

Pii.

Akakisukuma kinasa sauti upande wa pili wa meza.

"Niseme nini?" Nyanchoka aliuliza. "Mimi si mwimbaji."

"Nigombeze," Manasseh alisema, machozi yakimtiririka. "Niite kula. Sema chochote, mama, bora uniite."

Nyanchoka alilegeza kitambaa shingoni, akaushika ule uvimbe wa kukatwa Jumatatu, akainama karibu na mashine.

"Baba Bosire," akaanza, "hilo shati umelivaa ndani nje tena."