Mikono Nyuma ya Kioo

Siku hizi ukiyapa makumbusho ya chuo kikuu ufundi wako, unautoa mzima. Vidoleni hakibaki kitu. Bi Mwanate alitoa usukaji wa mikeka aliorithi kwa mama yake, maana nyumbani hakuna aliyetaka kujifunza. Basi kila Ijumaa alikwenda kuutazama, kama mtu aendaye kumjulia hali mgonjwa.

Leo alikwenda na mjukuu wake, Nuswaiba. Nyuma ya kioo, mikono miwili ya chuma ilikuwa ikisuka ukili wa mkeka, miyaa ya mkindu ikipishana, myekundu na myeusi. Kila baada ya kitambo mkono wa kulia uliinuka, ukasimama hewani mahali ambapo pangekuwa na mdomo, kisha ukarudi kazini.

"Bibi, ule unafanya nini?"

"Unalamba vidole!" Bi Mwanate alicheka, machozi yakimlengalenga. "Mama hakuwa na subira ya kuvichovya majini, nami nikamuiga. Akishaanza kulamba vidole, nyumba nzima tulijua mkeka umefika patamu, asisemeshwe."

Nuswaiba akatoa mkobani fungu la miyaa aliyoinunua pale mlangoni.

"Basi nifundishe, Bibi. Mimi nataka."

Bi Mwanate akaketi kwenye benchi, akaipokea, akaitandaza mapajani. Akalamba vidole, vilevile kama mama yake. Kisha akabaki akivitazama vile vidole vilivyolowa, akingoja vimwambie kinachofuata.