Pua Iliyoapiwa

Haya ni kweli tupu. Nikiongopa, ulimi wangu ukauke. Fundi cherehani mmoja alimwapia daktari kwamba pua yake haijawahi kuguswa na kisu. Alikuwa amechoka kukataliwa na madaktari waliosema kurekebisha pua iliyokwisha chongwa ni kazi ngumu kuliko kuchonga mpya.

Daktari akaibonyeza ncha. Ikazama kama mto uliotolewa pamba.

"Mama, gegedu la hapa, ule mfupa laini, limekwenda wapi?"

Pua ikapiga mluzi.

"Walipunguza kidogo tu," fundi akanung'unika. "Sasa sipumui. Mimi nguo ikipelea naongeza kitambaa. Nawe ongeza."

"Mara ya kwanza tunapunguza kilichopo. Safari hii hakipo. Nitatoa gegedu sikioni."

Fundi akasonya, akausukuma mtandio nyuma.

"Chukua la kushoto. La kulia nasikilizia majirani."