Kiboko Aliyeumwa Nyayo

Bwawa lilikuwa linakauka, na Kiboko kwa unene wake hakuweza kupanda ukingo aende mtoni. Akamwita Kongoni, mwalimu wa mazoezi, amsaidie kupungua.

"Kimbia!" Kongoni akaamuru. Siku ya nne Kiboko akawa anachechemea.

"Mwalimu, nyayo zinawaka moto."

"Uvivu huo, mama! Mbona mimi siumwi?"

"Wewe una kwato. Nyayo umezijulia wapi?"

"Visingizio! Kimbia, au ukauke na bwawa lako."

Kiboko alichukia. Unene aliukubali, lakini kuambiwa maumivu yake ni uongo, hilo hakulikubali hata kidogo. Akaingia majini, akawa anakimbia humo wiki tatu nzima, maji yakimpunguzia uzito, na nyayo zikapoa.

"Hayo mazoezi au kuoga?" Kongoni akacheka.

"Ingia basi, mwalimu, tukuone."

Kongoni akajitosa kwa madaha. Hatua ya tano tu, tope likamshika hadi kifuani, akaanza kupiga mayowe. Kiboko akamsukuma kwa pua, akamsukuma tena, mpaka juu ya ukingo. Kugeuka nyuma, akajikuta naye yuko juu.

"Si unaona?" Kongoni akasema akihema, tope likimchuruzika. "Mazoezi yangu yanafaa!"

Kiboko alikuwa ameshashika njia ya mtoni.