Fungu la Irja

Kwa miaka saba Irja alikuwa akiwapeleka wageni kwenye misitu ya kaskazini kupiga picha za dubu. Dubu mmoja jike, mwenye sikio lililochanika, alimzoea kabisa. Irja akigonga ndoo ya vichwa vya samaki, mnyama yule alitoka mitini taratibu, akala mbele ya kamera bila wasiwasi.

Siku msimu wa uwindaji ulipofunguliwa, Irja aliamshwa alfajiri na mlio wa ndoo kutoka msituni. Ndoo yake mwenyewe ilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Alitoka mbio, miguu mitupu. Kabla hajavuka ua, bunduki ililia mara moja tu.

Jua lilipopanda, jirani yake Osmo, mwindaji, alikuja na furushi la karatasi.

"Fungu lako hili, dada," alisema, wala hakuwa na dhihaka. "Haki ni haki. Miaka kumi nimemwinda nisimpate. Wewe ndiye uliyemtoa woga."

Mikono ya Irja ikapokea. Nyama ilikuwa bado ina uvuguvugu.

Osmo alipokuwa akiondoka, gari la wageni lilisimama langoni. Mama mmoja akateremka, kamera kifuani, uso umejaa furaha.

"Bibie, leo atatokea?"

Damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye karatasi, ikimchuruzika Irja vidoleni, na yule mama alikuwa bado anatabasamu, akisubiri.