Mkoba wa Mama Tiana

"Mama Tiana, tangu lini mtu akasali amekumbatia mkoba?"

Wanawake wakacheka. Milcah akacheka nao, huku akiuvuta mkoba karibu zaidi na tumbo. Hapa kwa Mama Anton, Skärholmen, pembeni mwa Stockholm, utaratibu wa kila Jumamosi mchana ulikuwa mmoja: viatu mlangoni, makoti na mikoba juu ya kitanda chumbani, watoto wanacheza humo humo, akina mama wanasali sebuleni kisha wanakula.

"Mwacheni, ana dhahabu humo," alisema Dativa, akimkabidhi mwenyeji mkoba wake mwenyewe. Mama Anton aliupokea kwa mikono miwili, akaupeleka chumbani. Sauti yake ikasikika kutoka huko: "Na mtu asiguse mikoba ya mama zenu! Nimesema!"

"Ja, ja," watoto wakaitikia kwa Kiswidi chao.

Tracy ndiye aliyeongoza sala. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasio na makaratasi, akawaombea vijana wanaouana ovyo mitaani. Alipofika kwa vijana, Milcah aliitikia amina akiwa ameukaza mkoba.

Bastola ilikuwa chini kabisa ya mkoba, ndani ya sweta ya Tiana. Kitu kidogo tu, cha kufichika kiganjani. Alikuwa ameinunua majuma matatu yaliyopita, baada ya mtu kupigwa risasi kwenye ngazi za jengo lao kule Tensta, mlango wa pili kutoka kwake. Yeye hutoka saa kumi na moja alfajiri, kwenda kuwaogesha wazee majumbani mwao, na ngazi ni zile zile. Muuzaji alimwambia ni ya bei nafuu, nyepesi, hata chini ya koti haionekani.

Bei nafuu, kweli. Hayo mengine hakuambiwa. Hakuambiwa kwamba angeanza kuwakumbatia rafiki zake kwa bega moja. Kwamba kwenye treni ya chini ya ardhi kila mbwa wa polisi angekuwa anamtazama yeye. Kwamba harufu ya mafuta ya bastola ingehamia kwenye sweta ya mtoto, na haitoki, hata afue mara ngapi. Alidhani angelala. Sasa usingizi ulikuwa umekimbia kabisa, maana zamani hatari ilikuwa kwenye ngazi, na yeye ndiye aliyeifungulia mlango akaiingiza ndani.

Halafu ikaja Jumanne. Tiana, miaka minne, alikuwa anatafuta zabibu kavu mkobani.

"Mamma, vad är det här?" Mama, hii ni nini?

Kidole chake kilikuwa kimeshaingia pale pa kufyatulia.

Tangu siku hiyo Milcah alitaka jambo moja tu: kile kitu kitoke mikononi mwake bila mtoto kutoka pia. Akikitupa ziwani, ataogopa mtoto wa mwenzake asije akakiokota. Akienda polisi peke yake, watamfunga, na watu wa soshali, wale wa ustawi wa watoto, watamchukua Tiana. Lakini akienda na mtu wa heshima zake, mtu wa kusema huyu ni mama mwema, aliogopa tu, akakosea? Mtu kama huyo alimjua mmoja. Mama Anton, muuguzi wa mapokezi ya dharura hospitalini kule Flemingsberg mwaka wa kumi na tisa huu. Anayejua risasi hufanya nini ndani ya mwili wa mtu. Anayeaminiwa na kila mtu.

Baada ya sala alimfuata jikoni, mkoba begani. Mama Anton alikuwa anapakua pilau, sahani za kwanza zimeshakwenda sebuleni.

"Shika sahani hii. Umekula kweli leo?"

"Mama Anton, nimefanya kitu kibaya."

"Mimba?"

"Hapana, Mama! Hapana." Milcah aliweka sahani chini. Ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wakirukaruka kitandani, wakipiga kelele za furaha. "Nina bastola. Iko humu. Niliogopa, nikanunua, na Jumanne Tiana ameishika. Nataka kuipeleka polisi. Nakuomba unisindikize. Ukiongea wewe watakusikiliza, hawatamchukua mtoto wangu."

Upawa ulisimama juu ya sufuria. Mama Anton alikwenda kuusukuma mlango wa jikoni ukafungika. Aliporudi alisimama karibu sana, na Milcah akainamisha kichwa kama mtoto anayengoja kofi. Hata kofi angelipokea. Alikuwa amechoka kuibeba peke yake.

"Nani anajua?"

"Wewe tu."

"Umewahi kuifyatua?"

"Mungu wangu, hapana!"

Mama Anton alivuta pumzi ndefu. Akamshika mkono, akaupapasa kwa kidole gumba, polepole, vile anavyowafanyia wagonjwa wake.

"Ulinunua kwa Damian?"

Milcah aliinua kichwa. Jina la muuzaji hakuwa amelitaja kwa mtu yeyote.

"Umejuaje?"

Mama Anton aliuachia mkono wake. Aliufungua mlango upana wa uso wake tu, akaita sebuleni kwa sauti ya chini, "Dativa. Tracy. Njooni. Mama Tiana naye anayo."

Wakaja haraka, mikoba yao ikiwa bado kule kitandani kwa watoto. Tracy akafunga mlango nyuma yake, na Dativa, mdomo bado umejaa pilau, akamwinamia Milcah sikioni.

"Afadhali tuko wengi," alinong'ona. "Hebu niambie, na yako hukwama kwenye risasi ya pili, au ni yangu tu?"